Tarehe Mbili za Mlango Mmoja

Mlango wa upande wa abiria ulikuwa na miezi minane haufunguki, na Taratibu alikwisha kuuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu: halitafuni, lakini ulimi hauachi kulitembelea.

Jina hilo la Taratibu alipewa na madereva wenzake pale kituo cha teksi. Miaka ishirini na sita ya usukani, hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari. Abiria mwenye haraka aliambiwa apande la mbele yake. Mwenye mimba, mwenye trei ya mayai, au aliyetoka kushonwa nyuzi juzi, huyo alipelekwa kwa Taratibu bila mjadala. "Huyu mzee," walisema, "hata kifo kikimpanda nyuma kitashuka njiani kwa kuchoka." Walilisema kwa kicheko. Tangu afiwe na mkewe waliacha kulisema mbele yake.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, zee na safi. Aibu yake ilikuwa ubavu wa kushoto. Mlango wa mbele umebonyea ndani kama shavu la kibogoyo. Kioo cha dirisha hakipo, mahali pake pamebanwa nailoni kwa utepe wa gundi. Nguzo ya katikati imepinda, kwa hiyo mlango wa nyuma wa upande huo nao umegoma kumuunga mkono mwenzake. Abiria waliingilia nyuma kulia tu, wakisogeleana kama kuku kwenye tenga. Kiti cha mbele hakuna aliyekikalia. Mtu akitaka kukifikia kwa kuruka juu ya gia, Taratibu alimwambia, "Kiti hicho kibovu." Kiti hakikuwa na ubovu wowote.

Mwanzoni mwa mwezi wakaja watu wa ukaguzi wa magari. Mkaguzi alilizunguka gari mara mbili, mikono mgongoni, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mzee, nyumbani kwako pana milango mingapi?"

"Miwili."

"Na hapa wenye afya ni miwili. Mmoja wako, mmoja wa abiria wanne. Gari likiwaka moto watatokea wapi? Kwenye bomba la moshi?"

Wenzake wakacheka. Mkaguzi akaandika karatasi, akaichana, akampa. Mpaka mwisho wa mwezi ubavu uwe umetengenezwa, la sivyo kibali cha teksi kirudishwe. Na kibali kikirudi ndiyo basi tena, kwa sababu magari ya umri ule yalikuwa hayapewi vibali vipya. Aliyekuwa nacho alikuwa nacho kwa kutokiachia, kama mtu anayening'inia kwenye tawi.

Taratibu aliikunja ile karatasi mara nne. Serikali haijawahi kumtafuta impe kitu. Lakini kumnyang'anya, ilimjua mpaka kituo anachoegeshea.

Na mlango huo hakuugonga yeye. Aliyeugonga ni mkubwa mmoja.

Asubuhi hiyo, miezi minane iliyopita, alikuwa anampeleka mkewe hospitali, kiti kimelazwa nyuma, pumzi zinamkata mama wa watu. Alifika geti la dharura akasimama kwenye foleni. Mbele yake gari refu jeusi, vioo vyeusi, likarudi nyuma kwa kukunja, bila kutazama, likamkita ubavuni upande uleule aliokaa mgonjwa. Kioo kikamwagika mapajani mwake. Dereva wa lile gari alishusha dirisha kiasi cha vidole viwili, akatazama, akalipandisha, akaondoka zake.

"Umeona?" Taratibu alimpigia kelele mlinzi wa geti. "Umeona alichonifanyia?"

"Sijaona kitu, mzee," mlinzi alijibu, akitazama viatu vyake. "Na wewe ukiwa na akili hujaona kitu. Lile ni gari la wakubwa."

Mlango uligoma kufunguka. Ikabidi mkewe atolewe upande wa dereva, wamemshika makwapa, wanamvuta juu ya gia na breki ya mkono, mtu ambaye hata kukohoa ilikuwa kazi. Siku kumi na moja baadaye alifariki. Madaktari walisema ni mapafu, mlango hauhusiki. Taratibu aliwasikia. Lakini madaktari nao wana wakubwa zao.

Gari lilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata ukijigonga mwenyewe. Hiyo ilikuwa akili ya mkewe. Alikuwa karani wa shule, mwanamke wa kalamu, na ugonjwa wake mwingine, kama mumewe alivyomtania, ulikuwa tarehe. Aliandika tarehe kwenye mkebe wa sukari, kwenye mtungi wa gesi, kwenye betri za redio. Akibadilisha balbu ya sebuleni, aliandika tarehe kwenye kitako chake kabla ya kuifunga. "Wenye duka wanasema inadumu miaka miwili," alisema, "nataka nije niwashike uongo." Taratibu aliacha shule darasa la nne. Karatasi zote za nyumba ile zilipita mkononi mwa mkewe, naye kazi yake ilikuwa moja. "Weka sahihi hapa, baba." Anaweka. Hakuwa anauliza hiyo ni karatasi ya nini, kama vile mkewe alivyokuwa haulizi injini inafanyaje kazi.

Baada ya maziko hakwenda bima. Nani ana moyo wa kuandikia gari barua na mke yuko chini ya udongo? Wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwenziwe. Simu ya marehemu aliizima mwenyewe, maana kila siku ilipigwa na mtu ambaye hajapata habari, anauliza, "Mama yupo?" na yeye alipaswa kufiwa na mkewe upya. Akaifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaiweka chini ya sanduku. Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa akimpigia yeye kila Jumapili. Wakizungumza afya, sawa. Wakizungumza mvua, sawa. Binti akitaja gari tu, baba anakata simu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sasa tumbo lilikuwa limeuma. Akaenda kwa wakala.

Wakala wa bima alikuwa na kibanda cha bati, meza, feni, na kalenda ya kampuni yenye picha ya familia inayochekea gari jipya. Alimsikiliza mwanzo mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kazini.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini karatasi haijui pole. Kanuni ni siku kumi na nne toka ajali. Wewe una miezi minane. Ukiandika hivyo, fomu itarudi kabla sijaituma."

"Sasa?"

"Sasa nakuuliza. Mlango umegongwa lini?"

"Si nimekwambia? Mwezi wa—"

"Mzee." Wakala aliinua kalamu kama mwalimu anayeinua fimbo. "Nakuuliza mara ya pili, na mara hii ufikiri. Mlango umegongwa lini?"

Feni ikamgeuzia Taratibu uso, ikaenda, ikarudi.

"Juzi," akasema.

"Jumatatu."

"Jumatatu."

"Umeona? Kumbukumbu yako nzuri kabisa. Umeegesha, umerudi, umekuta umegongwa, aliyegonga hayupo." Aliandika haraka, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. "Garini alikuwemo nani?"

Swali hilo hakulitegemea. Lilimkuta kama ngazi inayokosekana gizani.

"Garini..."

"Hakuna mtu," wakala akamjibia. "Ukisema mtu, watataka jina, watataka simu yake, watataka daktari. Hakuna mtu ndiyo salama."

Kalamu ikaandika: kiti cha mbele, hakuna mtu. Taratibu alikuwa na herufi za kutosha kulisoma hilo. Alitazama zile herufi kwa muda. Kisha akajiambia kwamba wao walimvunjia wakakimbia na hakuna aliyewauliza tarehe. Yeye akisogeza siku mbele kidogo, dunia haitaanguka. Akaweka sahihi yake, ile yenye mkia uliopinda kama ndoana.

Siku ya tatu alikuja mkadiriaji, yule anayetumwa na bima kupima hasara. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya mpira, tochi mfukoni ingawa ni mchana. Aliinama ubavuni mwa gari, akakwaruza kwa ukucha, akanusa kidole.

"Jumatatu, eh?"

"Jumatatu."

"Kutu yako ina mbolea, baba. Ingekuwa mahindi ungeshavuna."

"Mvua hizi," alisema Taratibu.

"Mvua zipi?" Alitazama juu, mbingu nyeupe kama sahani. Hakungoja jibu. Aligusa utepe wa nailoni, uliogeuka njano kwa jua na kukatika katika kama biskuti, akaupiga picha. Akaingia kwa upande wa dereva, akamulika kati ya kiti cha abiria na mlango, akachokonoa, akatoka na kitu. "Hii ilikuwa imebanwa huku. Yako?"

Ilikuwa kalamu ya bluu, kifuniko kimetafunwa. Ya shule. Taratibu aliipokea akaitia mfuko wa shati. Mkadiriaji alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaandika yake kwenye daftari, akafunga.

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi yake wakampigia simu: afike ofisi kuu, aje na gari.

Mlinzi wa ofisi kuu alimwelekeza aegeshe mwisho wa uwanja, ubavu mbovu ukielekea ukuta. "Huko litapumzika macho ya watu," alisema. Upande wa pili palikuwa na nafasi tupu iliyopigwa rangi ya njano. Taratibu hakuuliza ni ya nani.

Ndani palikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa mnyororo pamoja, kana kwamba wenye shida huiba viti. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo. Alikaa mpaka alipoitwa kwa namba. Afisa wa madai alikuwa msichana mdogo kuliko binti yake, kitambulisho shingoni, nywele zimebanwa kwa nguvu kama zina kesi.

"Shikamoo, baba. Karibu ukae. Gari lako limegongwa mara ngapi?"

"Marahaba. Mara moja."

"Una uhakika?"

"Kitu kama hicho mtu hasahau."

"Ni kweli, hasahau." Akaigeuza kompyuta ili naye aone. "Kwa sababu mimi hapa nina madai mawili. Haya ya Jumatatu iliyopita, uliyoandika kwa wakala. Na haya mengine ya miezi minane nyuma. Mlango uleule. Nguzo ileile. Hata kioo kilekile."

"Mimi sikuandika mengine."

"Aliyeandika ni mke wa mwenye gari. Siku ya tatu baada ya ajali." Alitoa karatasi kwenye faili, akasita, akasoma kwa sauti ya chini. "'Mimi ndiye niliyekuwa kiti cha mbele. Gari letu lilikuwa limesimama. Gari jeusi lilirudi nyuma likatugonga upande wangu. Namba yake sikuiona yote, ila mwisho ni saba na moja. Mume wangu asilaumiwe kwa lolote. Alikuwa ananileta hospitali, na hata siku hiyo hakukimbiza gari.'"

Maji yalidondoka kwenye ndoo. Yakadondoka tena.

"Na hapa chini," msichana alisukuma karatasi mezani, "hii sahihi si yako?"

Ilikuwa yake. Mkia wa ndoana. Kando yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka hata kitandani hospitali, ilikuwa tarehe.

"Yalifika kwa wakati, baba. Yalikubaliwa. Tulikuwa tunasubiri gari liletwe likaguliwe, basi. Tumepiga simu mara kumi na tisa. Haipatikani. Namba yako si hii?"

Aliitazama ile namba. Aliijua kwa moyo. Ilikuwa chini ya sanduku, ndani ya kitambaa cha kichwa.

"Kwa hiyo," alisema, na sauti yake ikamtoka kama ya mtu mwingine, "kama ningekuja tu, nikauliza..."

"Ungekuja mikono mitupu ukauliza, baba, leo gari lingekuwa gereji."

Hapo Taratibu alitafuta wa kumlaumu, kama alivyozoea, akawakuta wote mahali pao: mwenye gari jeusi, mlinzi wa hospitali, mkaguzi, wakala. Wote walikuwepo, wote walikuwa na makosa yao. Lakini simu ile hakuna mkubwa aliyeizima.

Msichana akamweleza yanayofuata, polepole, kama anayesoma maandishi ya dawa. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, aandike kwamba taarifa ya mkewe ilikuwa na makosa. Hapo madai ya Jumatatu yatasimama peke yake. Mkadiriaji ameandika mashaka, lakini mashaka bila tarehe nyingine ni mashaka tu. Atalipwa. Ya pili, aondoe madai ya Jumatatu na kukiri kwamba tarehe si ya kweli. Hapo faili zima litapelekwa kwa wachunguzi, hata lile la mkewe, maana kanuni inasema mwenye kudanganya mara moja hachagui wapi aaminiwe.

"Hao wachunguzi wanamaliza lini?"

"Si kabla ya mwisho wa mwezi huu, baba. Wala ujao. Na bima yako itasimamishwa. Inawezekana isilipwe kabisa." Akainama kidogo. "Naweza kukuacha ufikirie mpaka saa sita."

Alitoka akaenda kwenye ukumbi wa nyuma, pembeni ya choo, penye dirisha lenye nondo linalotazama ukuta. Akampigia binti yake.

"Baba? Leo si Jumapili. Kuna nini?"

"Mama yako aliandika karatasi ya bima?"

"Aliandika. Mimi nilimshikia daftari, nikaipeleka mwenyewe. Wewe ulitia sahihi palepale kitandani."

"Sikumbuki."

"Ulikuwa unatazama dirishani, baba. Mama akasema, weka sahihi hapa. Ukaweka. Hukuangalia hata karatasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mara tatu! Nikifika kwenye neno gari, unakata. Nikajua basi, umelipwa, hutaki kuongea." Sauti ikabadilika. "Baba, umefanya nini?"

Safari hii hakukata. "Nitakupigia," alisema. "Nitakupigia kweli."

Kisha akampigia wakala, akamweleza. Wakala aliguna, halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyepata funguo mfukoni mwake mwenyewe.

"Mzee, hiyo ni rahisi kuliko zote! Sema marehemu alikuwa haelewi. Mgonjwa wa oksijeni, madawa kichwani, huyo anaweza kuandika amegongwa na meli. Sahihi sema ulitia kwa uchungu, hukujua. Basi! Mwisho wa mwezi una milango minne kama mfalme."

"Unataka niseme mke wangu hakuwa na akili zake."

"Marehemu hashtakiwi, mzee. Wewe ndiye unayeshtakika."

"Na wewe? Si ndiwe uliyeandika?"

"Mimi?" Sauti ilikuwa laini kama mafuta. "Mimi niliandika ulichoniambia. Sahihi ni ya nani pale chini?"

Taratibu alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Mbele yake nondo, nyuma ya nondo ukuta. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba mwisho wake hapana nafasi ya kugeuzia gari.

Alikifikiria kibali chake. Alikifikiria kituo cha teksi, nafasi yake chini ya bango la dawa ya meno, wenzake watakavyoisogelea nafasi hiyo polepole, kwa adabu, mpaka iwe ya mtu mwingine. Kwa umri wake hakuna atakayempa gari la kuendesha. Angekuwa mzee wa kukaa sebuleni, chini ya balbu.

Balbu. Ile ya sebuleni ilikuwa imeandikwa tarehe ya mwaka jana, na ilikuwa bado inawaka. Mwanamke aliyetaka kuwashika uongo wauza balbu, ndiye leo asemwe kwamba hakujua siku aliyogongwa? Na nani aseme? Yeye, ambaye alimfuta kwenye kiti kwa maneno mawili kwenye kibanda cha bati?

Saa sita haijafika alirudi mezani.

"Lete hiyo ya kuondoa."

Msichana alimtazama. "Baba, umenielewa vizuri? Ukitia sahihi hii—"

"Nimekuelewa. Hizi kanuni aliziweka nani?"

"Wako juu," alisema, akionyesha dari kwa kalamu.

"Huwa wako juu," alisema Taratibu.

Fomu ilikuwa fupi. Katikati palikuwa na mistari mitatu mitupu chini ya neno Sababu.

"Nikuandikie?"

"Hapana."

Alitoa ile kalamu ya bluu mfuko wa shati. Akaikwaruza kwenye karatasi. Haikutoa kitu. Akaipuliza, akaisugua kiganjani, akajaribu tena. Miezi minane ilikuwa imeikausha. Msichana akamsogezea ya kwake.

Aliandika kwa muda mrefu. Herufi zake zilikuwa kubwa, zenye kuhangaika, kama malori yanayojipanga uwanja mdogo, na msichana alijifanya anasoma kitu kingine. Alipomaliza, mistari yote mitatu ilikuwa imejaa maneno sita: Mke wangu alikuwemo. Tarehe yake ndiyo.

Akatia sahihi.

"Na tarehe ya leo, baba. Pale chini."

Taratibu alitulia na kalamu hewani. "Leo tarehe ngapi?"

Akamwambia. Akaiandika.

Nje jua lilikuwa limesimama katikati ya uwanja. Ile nafasi ya njano haikuwa tupu tena. Gari refu jeusi lilikuwa limeegeshwa humo, karibu na gari lake kiasi kwamba kati yao hata daftari lisingepita. Milango yote miwili mizima ya gari la Taratibu ilikuwa imezibwa.

Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuzunguka nyuma ya lile gari kutazama namba. Haikuishia na saba na moja. Hata hilo hakupewa.

"Ni la mkurugenzi," mlinzi alisema, akija taratibu na kitabu chake. "Huwa anapenda kuacha nafasi upande wake wa kushukia."

"Mwambie alisogeze."

Mlinzi alicheka kwa dhati, mpaka akashika kofia. "Mimi nikamwambie? Mzee, nina watoto. Yuko kikaoni."

"Kikao kinaisha saa ngapi?"

"Kikiisha."

Taratibu alisimama juani kidogo. Kisha akapita kiubavu kati ya gari lake na ukuta, tumbo ndani, mpaka dirisha lenye nailoni. Alitia vidole kwenye utepe. Ulikatika wenyewe. Akaibandua nailoni yote, akaikunja, akaiweka juu ya paa. Akatanguliza kichwa, kisha bega moja, kisha la pili, akabaki amening'inia kiunoni, miguu nje, viatu vikitafuta ukuta wa kusukumia.

"Mzee!" mlinzi aliita. "Unaiba gari lako mwenyewe?"

"Sukuma miguu, acha maneno!"

Mlinzi akasukuma. Taratibu akaangukia kiti cha abiria, akageuka, akaketi. Alihema. Chini ya paja kitu kililia kama chumvi. Punje za kioo, zilizojificha kwenye mshono wa kiti tangu siku ile. Upande wa kulia, nje ya dirisha la dereva, hakuona kitu ila mlango mweusi wa mkurugenzi, na ndani ya weusi ule uso wa mzee mmoja. Upande wa kushoto, ukuta.

Mlinzi aliinama dirishani. "Sasa hamia kwenye usukani, mzee. Mbona umekaa hapo?"

"Hata nikihamia, nitapita wapi?" Pua ya lile gari refu ilikuwa imemkatia na njia ya mbele. "Naujua usukani uliko. Niache kwanza."

Mlinzi akaenda zake, akitikisa kichwa. Taratibu alitoa simu.

"Baba?" Binti yake alipokea kabla haijalia mara ya pili. "Uko wapi?"

"Niko kwenye gari," alisema. Akasubiri kidogo, mkono wake mwenyewe usije ukakata. "Nimekaa alipokuwa amekaa mama yako. Nimefungiwa hapa, siwezi kutoka. Hebu nisomee ile karatasi, kama unaikumbuka. Anzia mwanzo. Na uisome polepole."